Wako Wapi Waliowatangulia?

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa nne wa sheria, Nairobi. Nimeiandika karibu kama nilivyoitoa. Nimeacha tu salamu ndefu na mzaha mmoja ambao hata siku ile haukuchekesha.

Mkuu wa Kitivo, wahadhiri, wazazi mlioomba ruhusa kazini ili mfike, na ninyi mnaokaribia kuitwa mawakili: hamjambo nyote.

Kadi ya mwaliko imenipa mada ya fursa zinazomngoja mhitimu wa sheria. Waandalizi wataniwia radhi. Orodha ya fursa mnayo tayari, maana kila mgeni anayesimama hapa huisoma: uwakili, uhakimu, uhadhiri, mashirika ya umma, benki, siasa. Ukiisikiliza utadhani kila mlango uko wazi na nyuma ya kila mlango yuko mtu anayekusubiri. Mimi nimekuja na swali moja tu, na nitakaa nalo hadi muda wangu uishe. Waliomaliza shahada hii hapa miaka mitatu iliyopita, wako wapi?

Sisemi yule mmoja aliyeajiriwa na kampuni kubwa ya Westlands, picha yake ikawekwa kwenye kijitabu cha kuwavutia wanafunzi wapya. Huyo tunajua aliko. Nasema darasa zima, jina kwa jina. Wangapi wamevaa joho? Wangapi wanarudia karatasi za mtihani wa uwakili? Wangapi wanauza bima, wanasimamia duka la mjomba Eastleigh, wanafundisha shule za watu binafsi, wako nyumbani Kitui wakingoja simu? Nimewauliza wakuu wa vitivo kadhaa vya mji huu, na jibu limekuwa lile lile: "Wengi wanaendelea vizuri." Hilo si jibu. Hiyo ni salamu.

Mngekuwa katika mahakama ya Milimani, na shahidi akapanda kizimbani akasema "wengi wanaendelea vizuri", nani kati yenu angemwacha ashuke? Mngemuuliza: wengi ni wangapi? Kati ya wangapi? Kufikia tarehe gani? Na wewe umejuaje? Mnafundishwa miaka minne kuuliza maswali hayo juu ya ng'ombe aliyeibwa na hundi iliyorudi, halafu juu ya maisha yenu wenyewe mnameza ushahidi wa kusikia.

Marekani walilipita jambo hili kabla yetu, na hawakulipita kwa hiari. Baada ya uchumi kuporomoka mwaka 2008, kampuni za mawakili zilipunguza watu, lakini shule za sheria ziliendelea kutangaza kwamba karibu kila mhitimu ana kazi. Ukichungulia ndani ya hesabu hiyo ulimkuta anayehudumu mkahawani, anayefanya kazi saa chache kwa wiki, na hata aliyeajiriwa na shule yenyewe kwa miezi michache ili jina lake lihesabiwe. Wahitimu wakaenda mahakamani. Shule zaidi ya kumi zilishtakiwa kati ya 2011 na 2012. Kesi nyingi zilitupwa. Iliyofika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, San Diego mwaka 2016, mhitimu alishindwa. Kwa hiyo msidhani mahakama ndiyo iliyowaokoa. Kilichobadilisha mambo ni kanuni. Chama chao cha mawakili, ABA, ndicho kinachozipa shule za sheria idhini, nacho kikakaza kamba: kila shule itangaze kila mwaka, kwa fomu ya aina moja, hali ya kila mhitimu kufikia tarehe 15 Machi, yaani takriban miezi kumi baada ya mahafali ya Mei.

Fomu hiyo haina nafasi ya "anaendelea vizuri". Inauliza: kazi hii inahitaji uwe umepita mtihani wa uwakili, au shahada ni faida tu? Ni ya muda wote au ya saa chache? Itadumu mwaka mmoja au zaidi, au ni ya muda mfupi? Je, mshahara unalipwa na shule yenyewe? Na kama hana kazi, anaitafuta au haitafuti? Kijana wa huko anayetaka kusoma sheria anakaa na wazazi wake, wanafungua ripoti mbili, wanalinganisha. Nina mengi ninayoyalaumu katika elimu ya Wamarekani, kuanzia bei yake, lakini kwa hili nawavulia kofia.

Hapa kwetu, Baraza la Elimu ya Sheria, CLE, huangalia maktaba, mtaala, wahadhiri na madarasa kabla ya kuipa shule leseni. Ni vizuri. Lakini hayo yote ni mambo yanayoingia shuleni. Mimi nauliza kinachotoka.

Sasa niwaonyeshe kwa nini hesabu hiyo ni muhimu zaidi Nairobi kuliko San Diego. Njia yetu ina shingo nyembamba tatu, na hakuna kijitabu cha kitivo kinachozichora.

Ya kwanza mnaijua, kwa hiyo sitakaa nayo. Baada ya shahada mnakwenda Karen, katika Kenya School of Law, chuo cha kuwaandaa mawakili. Mafunzo ni miezi kumi na minane, sita kati yake uanagenzi. Karatasi ni tisa, kuanzia mashauri ya madai na ya jinai hadi mirathi, uhamishaji wa ardhi, maadili na uendeshaji wa afisi. Kwa miaka mingi wanaoangusha karatasi moja au zaidi wamekuwa wengi. Ukiiangusha unalipa, unarudia, unangoja. Na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haingoji pamoja nawe. Mkopo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, wakati ambapo huenda uko Karen bado, au umeshika bahasha ya mtu mwingine kwenye foleni ya Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi.

Ya pili ndiyo inayonikera: uanagenzi wenyewe. Sheria ya Mawakili inataka ukae chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi, ufundishwe kazi. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Wakili mzuri hukufundisha yale ambayo hakuna kitabu kinayasema: jinsi ya kumsikiliza mjane wa Kayole anayezungumza saa nzima kabla ya kutaja kwamba shamba lina hati mbili, lini unyamaze mbele ya hakimu, kwa nini karani wa masjala ni mtu wa kusalimiwa kwa jina. Mimi nililelewa hivyo, na siku zote nitamshukuru mzee yule.

Lakini mwulize mwanagenzi wa leo siku yake ilivyokwenda. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye matatu kutoka Rongai. Saa tatu yuko mahakamani Kibera kutaja kesi isiyo yake. Saa tano yuko Times Tower kwa habari za ushuru wa stempu, saa saba Sheria House, saa tisa amerudi afisini kutengeneza nakala. Mwisho wa mwezi anaambiwa: "Unapata uzoefu." Nauli ni yake. Chakula ni chake. Suti nyeusi ni yake, na ole wake ikichuja rangi.

Wenzangu wenye afisi hunijibu kwamba hata wao hawakulipwa. Hiyo ni hoja ya mtu aliyepigwa viboko shuleni anayetaka na mwanawe apigwe. Hunijibu pia kwamba tukilazimishwa kulipa, nafasi zitapungua. Hii ya pili ni hoja nzito, na sitaidharau. Ni kweli zitapungua. Afisi yangu ni ndogo. Namchukua mwanagenzi mmoja kwa wakati mmoja kwa sababu wawili siwezi kuwalipa. Lakini jamani, nafasi inayokuwepo tu kwa sababu mtu anafanya kazi bure inahesabiwa vipi kuwa nafasi? Inachofanya ni kuchuja. Mtoto wa Runda anaweza kukaa miezi sita bila kipato, akilala kwao, gari la nyumbani likimshusha Upper Hill. Mtoto wa Mathare aliyepata alama bora kumzidi hawezi. Halafu tunasema taaluma hii inawapokea wote.

Na tukumbuke tunaongea juu ya watu wa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha pili, inapomweleza mwajiriwa inamtaja pia mwanagenzi. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Mteja wangu mwenye kiwanda Industrial Area akifanya tunayofanya sisi, nitamwandikia barua ya onyo kwa ada nzuri. Waingereza, ambao desturi hii tuliitoa kwao pamoja na wigi, sasa wanamlazimisha mwenye chemba, yaani afisi ya mawakili, kumlipa mwanagenzi kiwango cha chini kilichowekwa na wasimamizi wa taaluma. Sisi tumebaki na wigi.

Shingo ya tatu wengi wenu hamjaisikia, na nikiwaangalia usoni naona sijakosea. Utapita mtihani. Utaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, mama atalia, mtapiga picha na shada la maua la karatasi za pipi. Utaingia katika daftari la mawakili, utapata namba yako ya usajili ya P.105, na utachukua cheti cha kufanya kazi kinachokwisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Nyumbani watajua umeshakuwa wakili. Wataanza kuleta kesi za mipaka ya shamba. Lakini kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili kinasema huwezi kufungua afisi yako mpaka ufanye kazi miaka miwili mfululizo, ya muda wote, katika kazi ya mshahara, chini ya wakili mwenye miaka mitano au zaidi, au katika afisi ya Mwanasheria Mkuu, au shirika lililoidhinishwa.

Kisomeni tena mkifika nyumbani. Kazi ya mshahara. Bunge lilidhani mshahara upo. Kwa hiyo wakili mpya asiyeajiriwa hana pa kwenda: kuajiriwa hajaajiriwa, kujiajiri haruhusiwi. Ndiyo maana mnawaona vijana wenye joho wakiwa chini ya jina la mzee ambaye hukutana naye mara moja kwa mwezi, wakimkatia sehemu ya ada. Ndiyo maana wapo wanaokubali mshahara usiotosha kodi ya nyumba ya chumba kimoja Kilimani. Siwalaumu. Kifungu kina sababu yake nzuri: kumlinda mteja na mtu aliyejua sheria jana. Ninachosema ni kwamba sheria imeweka ngazi ya kazi ya mshahara, na hakuna anayehesabu ni ngazi ngapi zilizopo.

Hapo Hurlingham kuna barabara ya Argwings Kodhek. Mnaipita kila siku. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufungua kazi ya uwakili mjini humu, miaka ya hamsini, na aliwatetea washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo hakukuwa na faida yoyote ya biashara. Kabla ya hapo alikuwa katika afisi ya Mwanasheria Mkuu wa serikali ya kikoloni, akilipwa sehemu tu ya alicholipwa Mzungu mwenye kazi ile ile, akaondoka. Wakati ule ukitaka kuwa wakili ilibidi upande meli hadi London. Ripoti ya kamati ya Denning ya mwaka 1961 ndiyo iliyosukuma mafunzo yaanzishwe huku kwetu. Dar es Salaam ikaanza kufundisha shahada mwaka huo huo, na Kenya School of Law ikafunguliwa 1963. Katika kizazi kimoja tukatoka kwenye uhaba wa mawakili hadi kwenye vitivo ambavyo huwezi kuvihesabu kwa vidole vya mikono yako. Hongera kwetu. Ila hakuna aliyeandika popote kwamba kazi zingeongezeka kwa kasi ya vitivo.

Na kazi zipo, msitoke hapa mkidhani nimekuja kuwakatisha tamaa. Ila haziko mlikoelekeza macho. Nyote mnatazama vioo vya Westlands na Upper Hill. Wacha niwaambie ninachokiona kutoka kwenye dawati langu.

Makombo yaliyokuwa yakimlisha wakili kijana yamepungua. Zamani wakili wa Kisumu au Mombasa mwenye kesi Milimani alikupigia simu umshikie faili, ukasimama dakika tano mbele ya jaji, ukalipwa. Tangu Machi 2020 mahakama zilipoanza kusikiliza mambo kwa video, wakili yule anajitokeza mwenyewe kwenye skrini akiwa kwake. Kusajili kampuni nako kulikuwa chakula. Sasa mwenye biashara anakaa na simu yake kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kumaliza mwenyewe. Uhamishaji wa ardhi umeingia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, na aliyezoea kulipwa kwa kujua mlango gani wa Ardhi House hufunguka amebaki anashangaa. Msizililie kazi hizo.

Angalieni kaunti. Sheria ya mwaka 2020 ya Afisi ya Mwanasheria wa Kaunti iliziwekea kaunti zote 47 afisi ya sheria, yenye mwanasheria wa kaunti, na chini yake mawakili wanaoandika mikataba ya zabuni, miswada ya ushuru wa soko, majibu ya kesi za wafanyakazi. Nimesoma mikataba ya kaunti iliyoandikwa na watu wasiojua wanachokiandika, na mlipa ushuru akalipia kila koma iliyokosekana. Mkiambiwa Lodwar au Garsen mnashika kichwa. Mahakama Kuu iko huko, kesi ziko huko, mawakili wa kukaa huko ni wachache. Na video ile ile iliyoua kushikiana faili inamruhusu wakili wa Lodwar asimame Milimani bila kupanda basi. Kijana aliyefanya kazi kwangu alikwenda Turkana akilalamika, na sasa nikimpigia simu ananiambia nipange siku.

Angalieni mashtaka ya umma. Wazazi mtakumbuka, zamani katika mahakama za mahakimu aliyeendesha mashtaka alikuwa afisa wa polisi mwenye sare. Siku hizi ni wakili wa afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hakuna mahali utakapojifunza kuhoji shahidi haraka kuliko pale, maana utapewa faili saa mbili na saa tatu uko kwenye miguu yako.

Angalieni kazi zisizovaa joho kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imezifanya hospitali, shule na kampuni za mikopo ya simu zitafute mtu wa kuzieleza zinachoruhusiwa kufanya na namba ya simu ya mteja. Kenya iliwekwa katika orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na fedha haramu, mwezi Februari 2024 kwa udhaifu katika kuzuia utakatishaji wa fedha, na kabla ya hapo mawakili wenyewe walikuwa wameongezwa kisheria miongoni mwa wanaopaswa kuripoti miamala yenye shaka. Benki, chama cha ushirika, kampuni ya bima, hata afisi ya uwakili: wote wanahitaji mtu anayesoma kanuni na kuzigeuza kuwa utaratibu ambao karani wa kaunta ataufuata. Ni kazi ya kuchosha. Inalipa.

Nami nina upendeleo wangu, niuseme waziwazi: Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi 2021 hapa Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60. Siku sitini! Watu wa rika langu wana kesi zilizowazidi umri baadhi ya waliokaa ukumbini humu. Mwenye dai anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe au kuwakilishwa hata na asiye wakili, ndiyo sababu mawakili wengi wanaidharau. Mimi naona kinyume. Fundi wa Gikomba anayedai laki mbili haogopi mahakama. Anaogopa ada isiyojulikana. Mwambie bei moja, mbele, kwa mujibu wa viwango vya ada vilivyowekwa, mwandalie karatasi zake vizuri, mwambie kesi itaisha lini. Atakuletea fundi mwenzake. Na waamuzi wa mahakama hiyo ni mawakili wenye uzoefu wa miaka mitatu au zaidi, kwa hiyo hata kiti chenyewe si cha wazee.

Huko utahitaji Kiswahili, tena si cha kuombea maji. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 86, inasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Hata Kenya School of Law, sharti lake la alama ya B ya kidato cha nne linasema Kiingereza au Kiswahili. Lakini nikimpa mwanagenzi kazi ya kumweleza mteja mkataba wa upangaji kwa Kiswahili, anatoa jasho. Anageuza kila sentensi na kuvunjika katikati, kisha mteja anatikisa kichwa kwa adabu na kwenda kumwuliza jirani. Ukimweleza mtu wa Kariobangi haki yake akakuelewa mara ya kwanza, umeshawapita wenzako kumi wenye shahada ya pili.

Sasa narudi kwenye swali langu, kwa sababu haya yote ninayowaambia ni ya mtu mmoja na dawati moja. Mimi nami ni shahidi anayesema "nimeona". Msiniamini kupita kiasi. Hesabuni.

Mkuu wa Kitivo, najua hili litakuletea kikao kirefu na wakubwa wako. Lakini darasa hili lina katibu, na lina kundi la WhatsApp ambalo tangu saa tatu halijanyamaza, nawaona. Anzeni leo. Kila mtu aandike jina, simu isiyobadilika, na simu ya ndugu mmoja. Chagueni tarehe mbili: mwaka mmoja baada ya mahafali, na mwaka mmoja baada ya kundi lenu kuapishwa. Siku hizo kila mmoja ajibu maswali machache: uko wapi, ni kazi inayohitaji cheti cha uwakili au la, ni ya muda wote au ya vibarua, unalipwa au hulipwi, na kama ulikuwa mwanagenzi, ulilipwa na afisi yako au ulijilipia. Asiyejibu ahesabiwe kuwa hajajibu, asiongezwe kwa walioajiriwa. Mshahara wa mtu usiandikwe na jina lake. Sheria ya data niliyoitaja inawahusu na ninyi. Kisha hesabu ibandikwe kwenye ubao ule wa matangazo pale mlangoni, hata kama inaaibisha. Hasa kama inaaibisha.

Wazazi, mtoto mwingine akileta fomu ya kujiunga na kitivo chochote cha sheria mji huu, kabla ya kuuliza karo ni ngapi, ulizeni darasa lililopita liko wapi. Mkiambiwa "wengi wanaendelea vizuri", salimieni mwondoke.

Muda wa maswali ulipofika, binti mmoja wa safu za nyuma aliuliza kama angekuwa mwanangu ningemshauri aendelee hadi Karen au aishie kwenye shahada. Nilimwambia kwamba shahada bila mtihani wa uwakili inatosha kwa kazi nyingi za kanuni na utawala, na kwamba miezi kumi na minane ile si ya kuingia kwa sababu tu darasa zima limeingia. Nikamwuliza anapenda nini. Akasema anapenda kubishana. Ukumbi ukacheka. Nikamwambia kwanza aende mahakama ya Makadara, akae kwenye benchi la umma wiki moja, aone kubishana kunakolipwa kunafananaje, kisha anipigie.

Kijana mwingine aliuliza, kwa ukali kidogo, kama mimi namlipa mwanagenzi wangu, na kiasi gani. Nilimjibu kwamba namlipa nauli, chakula na kitu juu yake, na kwamba hakitoshi. Akataka kujua kwa nini basi nisipandishe ada za wateja. Hilo tulilijadili hadi Mkuu wa Kitivo akasimama kuangalia saa, na sidhani tulilimaliza.